Sili ya Giaboksi na Jicho la Mama

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki pale kijijini kwetu Ijumbi, Muleba, na shida ilianza siku hiyohiyo. Sitaieleza sana. Tulikuwa watoto watano, mimi wa kwanza. Kibanja chetu cha migomba na kahawa kilitosha kutulisha, hakikutosha kutusomesha. Darasa la tatu nililoacha nalo ndilo nililonalo mpaka leo. Mama alifunga nguo zangu mbili kwenye kitambaa, akanileta mjini Bukoba, Hamugembe, kwa fundi wa magari aliyekuwa akifahamiana na baba. Alimwambia maneno machache, akageuka kurudi kwa miguu. Sikulia. Nililia baadaye, kwa mambo mengine, na mojawapo nitawaambia humu.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza kazi leo na simu mfukoni. Sina ugomvi na simu. Nimeona kijana akifungua injini huku anatazama video, na injini ikawaka. Lakini video haitoki jasho. Video haina mama anayesubiri.

Nitawaeleza habari ya sili moja tu. Sili ni kipete cha mpira chenye chuma ndani yake, kinakaa mkiani mwa giaboksi, pale ambapo propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, inaingia. Kazi yake ni moja: oili ibaki ndani wakati chuma kinazunguka. Nimebadilisha sili nyingi kuliko nilivyonyoa nywele. Ila hii moja, niliyoibadilisha nyumbani kwangu Kibeta, hapa Bukoba, nikiwa nimekwisha kustaafu, ilininyima hamu ya chakula siku mbili, na mimi si mtu wa kuacha sahani.

Mama yangu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kusema taa ina ukungu, akafika mahali akawa ananitambua kwa kikohozi. Mwaka huo ninaousema, ambao si mbali, madaktari wa macho walikuja hospitali moja hapa mjini kwa wiki moja. Jina la mama likaandikwa siku ya mwisho, Ijumaa, saa nne asubuhi. Tukauliza, asipofika je? Wakasema watarudi, lakini hawajui lini. Mama ana miaka themanini na ushee. Neno "hawajui lini" kwa mtu wa umri huo si neno dogo.

Mdogo wangu Anselmi, aliyesoma, anaishi Mwanza. Jumatatu alinipigia simu, akasema atakodi gari zuri lenye dereva likamchukue mama mlangoni Ijumbi.

Nikamwambia mama hawezi kubebwa na mgeni wakati mimi nina gari.

"Kaka, hilo pikapu lako lina miaka mingapi?"

"Lina miaka michache kuliko wewe. Na wewe bado unatembea."

Alicheka, akakubali. Hakuwa na la kufanya, mimi ndiye mkubwa. Nikaweka simu mfukoni nikiwa nimejaa kifua kama jogoo.

Jumanne asubuhi nilitoka nje na kikombe cha chai, nikaona doa jeusi chini ya pikapu, kubwa kama ungo. Nikaweka chai chini. Nikapiga magoti, nikachovya kidole, nikanusa. Oili ya giaboksi ina harufu yake, kali kidogo, kama yai lililokaa. Mtu aliyeinusa mara moja hawezi kuichanganya na oili ya injini. Nikachungulia: mkia wa giaboksi umelowa, tone linaning'inia, linaanguka, jingine linakuja. Sili.

Hapo ndipo nilipoogopa, na nitawaeleza kwa nini, maana kijana asiyejua atasema, tone tu.

Mzee Sefu, yule fundi wa Hamugembe, alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, babu yake alitoka pwani. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kukuangalia. Unaweza ukavumilia kofi, lakini yale macho huyavumilii. Siku moja ya Ijumaa alikwenda kuswali, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa na najiona fundi. Palikuwa na lori la kubeba kahawa linalosubiri sili ya giaboksi. Dereva ana haraka. Nikasema, mzee hayupo lakini mimi nipo. Nikafunga ile sili. Lori likaondoka kabla swala haijaisha, na Mzee Sefu aliporudi nilimwonyesha ile sehemu tupu kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga.

Akaniuliza kitu kimoja: "Springi ilitazama wapi?"

Ndani ya mdomo wa sili kuna kispringi chembamba, cha mviringo. Upande huo unatakiwa kutazama oili. Mimi niliutazamisha nje, kwa sababu ulionekana mzuri na nilitaka uonekane.

Lori lilifika mteremko mmoja wa huko Muhutwe likiwa halina oili hata ya kupaka mlango. Giaboksi likashikana. Lori likavuka barabara likalala. Dereva alipona, lakini utingo wake alivunjika mguu. Mzee Sefu hakunifukuza. Alinipa adhabu ya kwenda hospitali kila Jumapili, kwa miguu, nikiwa na chupa ya uji, nikakae na yule utingo mpaka aunywe wote. Jumapili tisa. Utingo mwenyewe hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akinisimulia habari za ng'ombe wa kwao. Nilikuwa nikitoka pale naingia kwenye migomba ya watu, nalia.

Sasa mnaelewa. Mimi nikiona tone linaning'inia mkiani mwa giaboksi, sioni tone. Naona ule mteremko. Na Ijumaa hiyo atakayekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni ni mama, haoni, hawezi hata kuruka.

Mke wangu, Mama Koku, alitoka akanikuta nimelala chini. Akaangalia doa. Akaniambia nimpigie Anselmi akodi lile gari.

Nikamwambia ni sili tu. Kazi ya saa tatu.

"Basi fanya. Lakini mimi nakaa hapahapa."

Akaleta kigoda, bakuli, kisu na mkungu wa ndizi, akakaa kando ya gurudumu la nyuma. Hajaniamini chini ya gari tangu nilipofika miaka sitini. Anasema jeki haijui kwamba nina wajukuu. Katika hili ana haki, na ninyi mlishike: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Nikishainua, naweka magogo mawili ya mkaratusi chini ya fremu, nashusha gari lilalie magogo, kisha nalisukuma kwa bega. Likitikisika siingii. Chini ya magogo naweka ubao, kwa sababu udongo wetu wa Kibeta ukilowa unameza kitu taratibu bila kukwambia.

Nikaanza. Kabla ya kufungua propela, piga alama kwa tindo kwenye flanji zote mbili, zile sahani za chuma zinazobanwa pamoja kwa nati, ili irudi kama ilivyotoka. Usipoweka alama, gari litakuja kutetemeka ukifika mwendo, utabadilisha vitu vingi na hutajua kwamba kosa ni lako. Nikamwaga oili kwenye beseni. Nikafungua nati nne, nikashusha propela, nikaichomoa. Sili ya zamani niliitoa kwa bisibisi niliyoikunja ncha miaka mingi iliyopita, taratibu, nisije nikakwaruza nyumba yake. Mdomo wa mpira ulikuwa umekauka, mgumu kama ganda la kahawa. Nikafurahi. Nilidhani nimempata mwizi.

Nikapanda bodaboda kwenda dukani nikiwa na ile sili ya zamani mkononi. Msiende dukani na jina la gari. Majina yanadanganya, magari yetu yameshabadilishwa giaboksi mara ngapi? Nendeni na kitu chenyewe, mkilinganishe kwa macho na kwa vidole. Kusoma kwangu ni kwa shida, lakini namba zilizochapwa kwenye sili nazisoma vizuri kuliko barua.

Kuifunga, Mzee Sefu alinifundisha hivi: paka oili mdomoni. Usiipige kwa nyundo moja kwa moja, tafuta kipande cha bomba chenye upana uleule, kilalie pembeni yote, halafu gonga kidogokidogo kwa kuzunguka, unasikiliza. Sauti ikibadilika kutoka "tok" kwenda "tak", imefika, acha. Na kabla ya kurudisha propela, pitisha ukucha kwenye chuma chake kinachoingia kwenye sili. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, hata sili mpya itavuja. Nilipitisha ukucha. Haukunasa. Nikatazama springi mara tatu. Nikajaza oili kwa tundu la pembeni mpaka ikaanza kuchuruzika yenyewe, ndiyo dalili kwamba imetosha. Saa tisa alasiri nimemaliza. Nikanawa kwa maji na sabuni ya unga, nikala vizuri, nikamwambia Mama Koku kwamba fundi ni fundi. Alinijibu kwamba fundi ana oili sikioni.

Nikaliendesha mpaka sokoni na kurudi. Nikatandika boksi la karatasi chini yake.

Jumatano asubuhi sikuchukua chai. Nilikwenda moja kwa moja. Kwenye boksi palikuwa na doa kama sahani.

Vijana, mtu akifanya kosa na akalijua, anaumia mara moja. Mtu akifanya sawasawa na kitu kikakataa, anaumia vibaya zaidi, kwa sababu hajui pa kulaumu. Nikaanza kujishuku. Labda macho yangu nayo yameanza. Labda nilitazama springi nikaona ninachotaka kuona.

Nikalaumu sili. Nikasema ni feki. Nikarudi dukani nikamsema yule mwenye duka mpaka wateja wakanyamaza. Alinipa nyingine bila ubishi, ya aina nyingine, akaniambia, "Chukua mzee wangu, lakini ile nayo ilikuwa nzima." Nilikuja kumwomba radhi baadaye. Nikarudia kazi yote, magogo, alama, propela, bomba, tok, tak. Mama Koku alikaa tena na kigoda chake, akimenya. Safari hii hakutania. Aliniuliza mara moja tu kama nimeshampigia Anselmi. Nilijifanya sijasikia.

Alhamisi asubuhi, doa. Dogo kidogo, lakini doa.

Nilikaa kwenye kizingiti. Saa ishirini na nne zimebaki. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kutoka Kibeta mpaka Ijumbi na kurudi ni safari ya milima. Naweza kubeba oili kwenye dumu, nikawa nasimama kuongeza. Lakini oili inatoka wakati wa moto, na moto unakuja wakati wa kupanda, na huwezi kusimama katikati ya kupanda ukiwa na mzee. Upande mwingine, nimpigie mdogo wangu, niseme, kile nilichosema Jumatatu nimekifuta. Mkinifikiria mimi ni mtu mzima mwenye busara, mtakosea. Nilikuwa tayari kumbeba mama yangu kwenye gari linalovuja kuliko kupiga simu ya dakika mbili. Nasema wazi, kwa sababu na ninyi mnacho hicho kiburi ndani, na itakuja siku kitawaomba kitu kikubwa.

Nikawasha gari, nikaenda nalo kwa nguvu mpaka juu ya kilima na kurudi, nione linavuja kiasi gani likiwa na moto. Nikarudi nyumbani nikiwa na haraka, nikaliinua, nikaingia chini bila kusubiri lipoe. Kanuni yangu mwenyewe, niliyowafokea nayo vijana maisha yangu yote: subiri lipoe. Nikashika spana nikafungua nati ya tundu la kujazia, nione oili imepungua wapi.

Giaboksi likapumua. "Fyuuu." Upepo wa moto ukatoka na oili ukanipiga usoni. Nikajigonga kichwa kwenye fremu. Mama Koku akashika miguu yangu yote miwili akanivuta nje kama gunia, kisu cha ndizi bado kipo mkononi mwake.

"Umeungua?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia, "nafikiri."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu nafikiri kweli. Giaboksi halitakiwi kuwa na upepo uliobanwa. Juu yake lina tundu dogo la kupumulia, kwa sababu chuma kikipata moto hewa ya ndani inavimba na lazima itoke mahali. Tundu likiziba, ile hewa inatafuta mlango mwingine, inasukuma oili kwenye sili, hata iwe sili nzuri kiasi gani. Jumanne na Jumatano nilifungua asubuhi, gari likiwa baridi, hewa imenywea, kwa hiyo halikusema kitu. Leo nimevunja kanuni yangu, ndiyo likasema.

Sasa lile tundu huwezi kuliona. Liko juu, kati ya giaboksi na sakafu ya bodi, mkono unapita kwa shida. Mzee Sefu alikuwa akitufunga kitambaa usoni, anatuambia tutafute nati kwa vidole, tutaje ni ya spana namba ngapi. Tulimwona mtesaji. Nikapenyeza mkono, nikafumba macho, nikapapasa. Pale ambapo ninajua pana kikofia kidogo cha chuma kinachochezacheza, sikukuta kikofia. Nilikuta donge. Gumu, laini kwa juu, kama kichuguu. Nikalikwangua kwa bisibisi mpaka kipande kikamomonyoka.

Nikatoka nalo. Jeusi, linang'aa. Nikasema ni lami ya barabarani. Nikalimwagia petroli, halikuyeyuka. Nikasema basi ni mpira ulioungua. Nilikuwa naongea peke yangu.

Mama Koku alinyoosha mkono wake uliopakwa mafuta ya kula, maana bila kupaka mafuta huwezi kumenya ndizi zetu zile mbichi ukabaki na mikono. Akalichukua donge, akalibonyeza, akalinusa.

"Huu ni utomvu," akasema.

"Utomvu gani juu ya giaboksi?"

"Utomvu wa ndizi, Baba Koku. Namenya miaka arobaini, nisiujue?"

Kisha akainuka, akazunguka gari, akachungulia sakafu ya bodi ambapo huwa napakia mikungu nikitoka Ijumbi kuleta sokoni. Pale mbele, karibu na kabini, pana tundu la ukubwa wa shilingi. Akapitisha kidole. Kidole kikatokea chini, juu kabisa ya giaboksi.

"Hili alitoboa nani?"

Nililitoboa mimi. Miaka sita nyuma, kwa drili yangu, ili maji ya mvua yasituame. Nililitoboa kwa ustadi kabisa, nikalilainisha kingo. Na kila wiki nikawa napakia mikungu iliyokatwa asubuhi ileile, vikonyo vinatoa machozi, vinadondokea kwenye lile tundu, tone kwa tone, vumbi la Muleba linakaa juu yake, moto wa giaboksi unakausha. Miaka sita. Hakuna fundi wa Dar es Salaam atakayekuta ugonjwa huu, na hakuna video yake. Ni ugonjwa wa kwetu, na daktari wake alikuwa ameketi kando yangu siku tatu, mikono imejaa dawa na dalili, nami namwambia asinisumbue.

Niliokota bisibisi yangu. Mama Koku alirudi kwenye kigoda chake akaendelea kumenya, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Alikuwa anacheka.

Nilikwangua mpaka saa kumi jioni kwa spoki ya baiskeli niliyoinyoosha. Petroli haikufaa kitu, mafuta ya taa yalisaidia kidogo, yaliyobaki ilikuwa ni ukucha. Kikofia kilipoanza kuchezacheza tena chini ya kidole, nilihisi kama nimeshika mshipa wa mtu nikakuta unapiga. Lile tundu la bodi nikaliziba kwa kipande cha bati na riveti. Nikajaza oili. Sili sikuigusa.

Mngetegemea baada ya hapo nilale vizuri. Sikulala vizuri. Fundi aliyekosea mara mbili hajiamini ya tatu.

Ijumaa nilitoka kukiwa kumepambazuka. Nilifika Ijumbi nikiwa nimesimama mara nne njiani kuchungulia. Pakavu. Mama alikuwa amekaa nje, amevaa gauni la kanisani na kitenge juu, fimbo mapajani, ameshajiandaa nadhani tangu alfajiri. Alinipa kahawa ya kutafuna, punje tatu kwenye kiganja, kama anavyompa kila anayefika, nikatafuna. Nikamwinua nikamweka kwenye kiti, nikamfunga mkanda.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Kabla ya kila mteremko nilisimama. Nashuka, nalala chini na shati langu jeupe, nachungulia, napanda. Mama anauliza kuna nini, nasema tairi. Mara ya pili nikasema mbuzi. Kwenye ule mteremko wa lile lori nilishuka kwa gia namba mbili, mikono imeshika usukani, nanusa hewa kama mbwa. Saa tatu kasoro. Nyuma yangu magari yanapiga honi.

Mama akaweka mkono wake kwenye goti langu, akaupapasa mpaka akalipata sawasawa.

"Waitu Projesti," akasema, kwa lile neno la kwetu la heshima na upendo, "mwenye kupasuliwa ni mimi. Wewe unaogopa nini?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini, nikamweleza yote, sili, utomvu, tundu nililotoboa, na lile lori la ujana wangu, ambalo sikuwahi kumwambia kwa miaka arobaini na kitu. Nilikuwa naangalia barabara, naongea. Alinisikiliza mpaka tukafika tambarare.

Akasema, "Na Anselmi alitaka kukodi gari."

"Ndiyo."

"Ukakataa."

"Ndiyo, mama."

"Baba yako naye angekataa," akasema, na haikuwa sifa. Kisha akaniambia tukifika nimpigie mdogo wangu, nimweleze kama nilivyomweleza yeye, nisipunguze kitu.

Tulifika saa tatu na nusu. Walimwita saa nne na robo. Nilipokuwa nikisubiri nje nilikwenda mara mbili kuchungulia chini ya gari, kisha nikampigia Anselmi. Nilitegemea anicheke. Badala yake akaniambia kwamba na yeye Jumatatu ile, baada ya kukata simu, alishaweka mtu wa gari la kukodi Muleba akae tayari mpaka saa mbili na nusu ya Ijumaa, kama mimi nisingefika. Hakuniambia, kwa sababu alijua ningeona ananidharau. Kumbe siku zote hizo nilizokonda, mama alikuwa na magari mawili. Sikujua nicheke au nigombane. Nikamwambia ahsante. Neno hilo mdogo wangu hakuwa amelisikia kwangu mara nyingi, akadhani simu imekatika.

Jumamosi walimfungua bandeji. Walifanya jicho moja, la kulia, la pili walisema limechelewa. Daktari akamwambia afumbue taratibu. Mama akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, juu na chini, kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi, nimesimama pale na kofia mkononi.

"Umezeeka hivi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Akaniambia niiname. Nikainama. Akanitoa oili iliyokuwa sikioni kwa ncha ya kitenge chake.

Mnaniuliza, ninyi vijana, hii kazi inaacha nini. Nitawaambia nilivyo navyo leo, nisizidishe. Nyumba ya vyumba vinne Kibeta, ya matofali ya kuchoma, bati halivuji. Kibanja cha Ijumbi, ekari moja na robo, migomba na kahawa, kimepimwa. Sanduku la spana, zimekamilika isipokuwa namba kumi na tatu. Magogo mawili ya mkaratusi. Bomba la kufungia sili. Pikapu moja, la zamani, linalopumua. Mke mmoja, anayejua utomvu. Mdogo wangu ninayempigia simu sasa kila Jumatatu. Mama yangu, na jicho lake la kulia.